Albert Champion: Bingwa Aliyepoteza Jina Lake

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma habari za malenga, mashujaa wa vita na viongozi waliopigania uhuru. Safari hii hebu tubadilishe ladha kidogo. Tumtazame mtu ambaye jina lake limo katika kila gereji ya nchi hii, kuanzia kule Grogan jijini Nairobi hadi kwa fundi wa jua kali anayefungua injini chini ya mwembe. Jina hilo ni Champion. Limeandikwa juu ya plagi, kale kadude keupe kenye kichwa cha chuma kanakotia moto ndani ya injini ya petroli.

Wengi wetu hudhani kwamba neno hilo ni la Kiingereza tu, lenye maana ya bingwa, na kwamba mfanyabiashara fulani aliliokota kwa kuwa linapendeza sokoni. La hasha! Champion lilikuwa jina la ukoo la mtu, Mfaransa aliyezaliwa akaitwa Albert, na zaidi ya hayo mtu huyo alikuwa bingwa kwelikweli, tena wa mbio za baiskeli. Ajabu iko hapa: plagi zinazouzwa kwa jina lake si zile alizozitengeneza yeye. Zake ziliandikwa herufi mbili tu, A na C. Jinsi mtu anavyoweza kunyang'anywa jina alilopewa na wazazi wake ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Albert Champion alizaliwa tarehe 5 Aprili mwaka 1878 mtaani Batignolles, jijini Paris. Nyumbani kwao hakukuwa na mali. Shule hakukaa sana. Akiwa bado kijana mdogo aliajiriwa na fundi wa baiskeli kama tarishi wa kutumwa huku na huko, na si muda mrefu akajifunza kuendesha baiskeli ya gurudumu moja. Hebu fikirini! Gurudumu moja, barabarani, katikati ya farasi na magari ya kukokotwa. Watu walisimama kumtazama, naye bwana wake akafurahi kwa sababu kila aliyesimama alisoma jina la duka. Kwa hiyo mtoto huyu alianza kazi ya matangazo kabla hajaota ndevu.

Zama zile baiskeli ilikuwa na hadhi ambayo mpira wa miguu unayo siku hizi. Viwanja vya mbio vilijaa pomoni, magazeti yalishindana kuandika habari za waendeshaji, na kijana maskini mwenye miguu ya chuma aliweza kupata kwa jioni moja pesa ambazo fundi wa kawaida angezitolea jasho kwa miezi. Champion alijitosa humo. Miongoni mwa waliomfunza alikuwa Choppy Warburton, Mwingereza aliyesifika na kushukiwa kwa pamoja, kwa vile alikuwa na tabia ya kuwapa wachezaji wake chupa ndogo zenye dawa asiyoijua mtu.

Mchezo aliouchagua Champion ulikuwa wa hatari. Mwendeshaji alifuata chombo kingine kilichomtangulia ili kimkinge upepo. Mwanzoni chombo hicho kilikuwa baiskeli ndefu ya watu wawili, watatu au zaidi waliopiga pedali kwa pamoja. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, pikipiki zikaingia uwanjani na watu wa pedali wakakosa kazi. Mwenye baiskeli sasa alikimbia nyuma ya injini, sentimita chache tu kutoka gurudumu lake, akila moshi. Injini ikikata moto ghafla, basi! Ni kugonga na kuruka hewani. Kwa hiyo utaelewa ni kwa nini mwanabaiskeli wa aina hii alijali sana kama cheche ya injini iliyo mbele yake ni ya kuaminika au la. Uhai wake ulining'inia hapo.

Mwaka 1899 aliingia katika mbio za Paris-Roubaix. Mbio hizo zilianza mwaka 1896 na zipo hadi leo, na sifa yake kubwa ni barabara za mawe kule kaskazini mwa Ufaransa ambazo humtingisha mtu hadi meno. Champion alikuwa mtu wa uwanjani, hakuwa mtu wa barabara. Waliojiita wajuzi hawakumtilia maanani. Yeye akajifunga kibwebwe, akafuata magari na pikipiki zilizomtangulia, akamaliza kilomita 268 kwa muda wa saa 8 na dakika 22, wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Mwaka uliofuata alikuwa ng'ambo. Alivuka bahari ya Atlantiki hadi Boston, Marekani, kushindana kwa mkataba. Wanaosimulia maisha yake husema pia kwamba alikuwa anakwepa kuitwa jeshini, jambo ambalo kila kijana wa Ufaransa wa umri wake alilitarajia. Sitamsifu kwa hilo, wala sitamhukumu. Mwenyeji wake alikuwa Charles Metz, mtengenezaji wa baiskeli katika mji wa Waltham karibu na Boston, aliyekuwa ameanza kufunga injini za Kifaransa kwenye baiskeli zake na kuziita Orient-Aster. Mnamo Julai 1900 Champion aliiendesha pikipiki hiyo mbele ya watazamaji wa Boston, watu ambao wengi wao hawakuwa wameona kitu kama hicho. Miaka mitatu baadaye, Julai 1903, alikimbiza pikipiki maili moja nzima kwa sekunde 58 na ushei. Piga hesabu: hiyo ni karibu kilomita 98 kwa saa, juu ya kitu kisicho tofauti sana na baiskeli ya posta, bila helmeti ya maana!

Mwisho wa mwaka huohuo mambo yakamwendea mrama. Oktoba 1903 aliketi kwenye usukani wa gari la mashindano la Packard katika uwanja wa Brighton Beach, New York. Gari likamshinda, likapinduka, naye akavunjika paja vibaya sana. Kwa wakati ule, kabla ya dawa za kuua vijidudu tunazozijua leo, mfupa uliochomoza nje ya ngozi ulikuwa tishio la kifo, na mara nyingi daktari alichukua msumeno. Champion aliponea chupuchupu. Mguu ulibaki, lakini ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake.

Mtu mwingine angetundika baiskeli ukutani. Huyu alirudi Ufaransa, na mwaka 1904, akiwa na mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, akatwaa ubingwa wa taifa wa mbio za kufuata pikipiki. Mimi binafsi huona ushindi huu ni mkubwa kuliko ule wa Roubaix, ingawa vitabu vingi huupitia kwa mstari mmoja. Baada ya hapo akaacha. Alijua mwili umempa ulichoweza kumpa.

Lakini mikono haikurudi Marekani mitupu. Alibeba vifaa vya umeme vya injini, vikiwemo vile vilivyotoka kwa Édouard Nieuport, mwanabaiskeli mwenzake wa Paris aliyegeuka fundi (huyuhuyu Nieuport ndiye baadaye alitengeneza ndege). Mwaka 1905 Albert Champion Company ikafunguliwa Boston, kwa ubia na ndugu wa ukoo wa Stranahan waliokuwa na mtaji. Yeye alileta ujuzi na jina. Wao walileta fedha na karatasi za wanasheria. Wekeni jambo hilo akilini, tutalirudia.

Sasa, kabla sijaendelea, pengine kuna mwenzetu wa Kidato cha Kwanza ambaye hajui plagi hufanya nini hasa. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli. Ukishabanwa, unahitaji kuwashwa kwa wakati barabara. Plagi ina chuma chembamba katikati, kilichozungukwa na kauri nyeupe, na pembeni ina kidole cha chuma kilichokunjwa juu ya ncha hiyo. Kati ya ncha na kidole kuna mwanya mdogo usiozidi unene wa kucha, milimita moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Umeme wa maelfu ya volti huja, hauna pa kupita, basi huruka mwanya huo na kutoa cheche. Moto huanza hapo kama yai dogo, kisha husambaa silinda nzima. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 25 kila sekunde katika kila silinda. Ikikosa hata chache tu, gari huanza kukohoa.

Tatizo kubwa la miaka ile lilikuwa hiyo kauri. Iwe ngumu isipasuke kwa joto la ghafla. Izuie umeme usivuje pembeni. Ikamatane na chuma bila kupitisha gesi, ingawa chuma na kauri hutanuka kwa viwango tofauti vinapopata moto. Kauri ya kikombe cha chai haiwezi kazi hii. Plagi zilipasuka, zililoa mafuta, zilijaa masizi, na dereva mwenye busara alitembea na za akiba mfukoni. Aliyeweza kutengeneza plagi ya kuaminika, tena kwa bei nafuu, alikuwa ameshika ufunguo wa biashara nzima ya magari.

Ndipo alipotokea William Durant. Durant alikuwa bwana wa Buick katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, na mwaka 1908 Buick ilitengeneza magari zaidi ya 8,000, idadi iliyoonekana kubwa ajabu. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, Durant aliunda General Motors. Alihitaji plagi, na nyingi. Alipokutana na Champion alitaka kuichukua kampuni pamoja na jina, lakini akina Stranahan wakakataa kuuza. Champion akafanya uamuzi wa ghafla kama kawaida yake: akawaachia kampuni ya Boston, akafunga virago, akahamia Flint. Durant akampa nafasi katika kiwanda cha Buick na fedha za kuanzia majaribio. Kufikia mwisho wa 1908 kulikuwa na kampuni mpya, Champion Ignition Company.

Basi sasa kulikuwa na kampuni mbili zenye jina moja! Akina Stranahan nao hawakulala. Mwaka 1910 walihamia Toledo, jimbo la Ohio, wakawauzia plagi Willys-Overland, na hawakukawia kuingia kwa Ford. Ni plagi yao, Champion aina ya X, iliyofungwa katika Ford Model T, gari ambalo hadi lilipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa milioni 15. Kila Model T ilikuwa na silinda nne, kwa hiyo plagi nne, na kila plagi ilipochoka ilidai nyingine. Jina la Champion likaenea duniani kwa mgongo wa Ford, mpinzani mkuu wa General Motors. Mwenye jina akabaki akitazama.

Akina Stranahan walishikilia kwamba jina ni mali ya kampuni ya kwanza, na kisheria walikuwa na hoja. Kiwanda cha Flint kikaanza kuchapa kwenye plagi zake herufi za mwanzo wa jina la mwenyewe, A.C., na mwaka 1922 hata kampuni ikabadilishwa jina ikawa AC Spark Plug Company. Wazia uchungu wa mtu anayejiita Champion kisha anakatazwa kuandika Champion kwenye kazi ya mikono yake.

Hakuwa peke yake, jamani. Flint ulikuwa mji wa ajabu kwa mambo haya. David Buick, aliyeanzisha magari ya Buick, alitoka katika kampuni hiyo akiwa na kidogo, na alipokufa mwaka 1929 alikuwa fukara wakati magari yenye jina lake yakijaa barabarani. Louis Chevrolet, dereva wa mbio wa Buick, alianzisha kampuni ya Chevrolet pamoja na Durant mwaka 1911, wakagombana, akaondoka mwaka 1913, jina likabaki. Ukilinganisha na hao wawili, Champion alinusurika vizuri: alipoteza jina lakini hakupoteza kiwanda. Alitajirika. Plagi za AC zilifungwa katika injini za ndege za Marekani wakati wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita kiwanda kikaongeza vipima mwendo na vichujio vya hewa.

Niruhusuni nichepuke kidogo hapa, maana kuna swali ambalo wanafunzi wanaopenda magari hubishana sana: je, upande ambao plagi inatazama ndani ya silinda una maana yoyote? Kile kidole cha chuma nilichokitaja kinaziba upande mmoja wa cheche kama kiganja kinavyokinga mshumaa. Upande wa pili uko wazi. Watu wa mbio za magari hupenda uwazi huo uelekee penye mchanganyiko mzuri, mara nyingi upande wa vali ya kuingizia au katikati ya chumba cha moto, ili moto usianze kwa kugonga ukuta wa chuma baridi unaounyonya joto.

Shida ni kwamba plagi hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na mahali meno ya uzi yanapoanzia hutofautiana kati ya plagi na plagi. Ukizikaza nne, kila moja itatazama kwake kama abiria wa matatu waliogombana. Mafundi wa mbio wana ujanja. Kabla ya kufunga, huchora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kauri, upande ule ulio wazi. Plagi ikishaingia ndani huoni kitu, lakini mstari uko nje unakuonyesha. Mstari ukielekea pabaya, jaribu plagi hiyo katika silinda nyingine, maana kila tundu nalo lina mwanzo wake. Ikishindikana, huwekwa washa ya shaba yenye unene tofauti.

Wapenzi wa hesabu, hapa mna raha yenu. Plagi nyingi zenye kipenyo cha milimita 14 huzama milimita 1.25 kwa kila mzunguko mmoja kamili. Kwa hiyo washa iliyozidi unene kwa milimita 0.3 huisimamisha plagi karibu robo mzunguko kabla ya pale ilipokuwa inasimama. Washa mbili tatu za unene mbalimbali zinatosha kuielekeza popote. Si ruhusa kuikaza kwa nguvu za Samsoni eti ifike unapotaka: kichwa cha silinda kikiwa cha alumini, uzi utang'oka na utalia wewe. Pia ziko plagi zenye kitako cha mteremko zisizotumia washa kabisa, hizo usizitie.

Faida yake ni kiasi gani? Tuseme ukweli, ni ndogo. Katika gari la kwenda sokoni hutaona tofauti yoyote. Katika injini ya mbio iliyokwisha kunolewa kila upande, ambako hata nguvu ya farasi mmoja hutafutwa kwa kurunzi, fundi hachoki kuifuata. Ziko injini ambazo kazi hii ni ya lazima: zile zenye pistoni iliyoinuka sana, ambapo kidole cha plagi kinaweza kugongwa kikiwa upande usiofaa, na baadhi ya injini za kisasa zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo viwanda vyenyewe huelekeza plagi zake. Kwa wengine wote, mwanya sahihi na kauri safi ni muhimu zaidi mara kumi. Fundi mzuri huichomoa plagi na kuisoma kama kitabu: rangi ya hudhurungi nyepesi, injini ni nzima, nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa, nyeupe iliyoungua, joto limezidi. Kidole kinatazama wapi, hilo ni swali la mwisho.

Turudi Flint. Mwaka 1922, mwaka uleule jina la kampuni lilipobadilika, Champion alitalikiana na mkewe wa kwanza, ambaye alikuwa naye tangu siku za shida, akamwoa Edna Crawford, msichana aliyekuwa mcheza jukwaani. Alivaa vizuri, alisafiri kwenda Ulaya mara kwa mara, alikuwa mtu wa hasira za haraka. Sijapata kusoma popote kwamba alikuwa mpole. Mguu wake mfupi ulimkumbusha Brighton Beach kila alipopanda ngazi.

Kisha likaja lile jambo la Mei 1927. Kijana wa miaka 25, Charles Lindbergh, aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris bila kutua, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Ndege yake, Spirit of St. Louis, ilikuwa na injini moja tu, Wright Whirlwind yenye silinda tisa. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili, jumla 18, na plagi hizo zilikuwa za AC. Safari ilichukua saa 33 na nusu juu ya maji, giza, ukungu na barafu. Tukikadiria kwamba injini ilizunguka mara 1,600 kwa dakika, kila plagi ilitoa cheche zaidi ya milioni moja na nusu kabla ndege haijagusa ardhi ya Le Bourget. Hakukuwa na pa kutua kama zingegoma. Umati wa Paris ulivunja nyua kumpokea Lindbergh. Katika mji huohuo, miaka zaidi ya 30 nyuma, mtoto wa Batignolles alikuwa akiyumba juu ya gurudumu moja ili watu wasome jina la duka la mwingine.

Unaweza kukisia jinsi kiwanda cha Flint kilivyolitangaza jambo hilo! Champion naye alikuwa kileleni. Lakini hakukaa huko. Mnamo Oktoba mwaka huohuo alikwenda Paris, na huko, tarehe 26, akaanguka ghafla akafa. Magazeti yaliandika kwamba ni moyo. Alikuwa na miaka 49.

Mali yake ikagawanywa, General Motors ikaendelea na kiwanda, na herufi A na C zikabaki. Miongo kadhaa baadaye ziliunganishwa na jina la Delco, kampuni nyingine ya vifaa vya umeme wa magari, na hivyo ndivyo ziandikwavyo hadi sasa kwenye maboksi ya vipuri: ACDelco. Champion ya Toledo nayo iliuzwa na kuuzwa tena. Mwaka 1989 ilinunuliwa na Cooper Industries, mwaka 1998 ikaingia mikononi mwa Federal-Mogul, na akina Stranahan hawaimiliki tena. Majina yote mawili bado yanapatikana madukani, na ukibahatika utayakuta kwenye rafu moja, boksi kando ya boksi. Lile lenye jina lake lote ni la wale walioliweka Boston. Lake ni lile lenye herufi mbili.